Neno la kutafutia ni la mtafutaji: funzo kutoka mitaa ya Eastlands

KUNA biashara inayonawiri jijini Nairobi ambayo bidhaa yake ni maneno. Vijana wanaounda tovuti huwaendea wenye maduka, mafundi na wenye nyumba za kukodisha, wakawaahidi kwamba kwa malipo fulani biashara zao zitatokea juu kabisa mtu anapotafuta kitu kwenye Google. Siri yao, wasemavyo, ni kuchagua vifungu maalumu vya maneno na kuvipanda mahali panapofaa: kwenye kichwa cha ukurasa, katika aya ya kwanza, chini ya picha. Wenye biashara wengi hulipa wakidhani wananunua ufundi wa kompyuta. Katika makala haya nitadai kwamba wananunua ufundi wa lugha, tena ufundi mkongwe, ambao wakazi wa Eastlands walikuwa nao kabla ya kompyuta ya kwanza kukanyaga Nairobi.

Tuanze na istilahi, maana hii ni safu ya lugha. Wapo wanaosema "neno muhimu" na wapo wanaosema "neno msingi". Zote mbili zinaeleweka, ila zinatuacha na swali: muhimu kwa nani? Mimi huwashauri wanafunzi wangu waseme "neno la kutafutia". Kitenzi tafuta kikipewa kiambishi cha kutendea huwa tafutia, na umbo kama hilo tunalitumia kila siku kutaja chombo: kisu cha kukatia, kamba ya kufungia, maji ya kunawia. Basi neno la kutafutia ni chombo, na chombo kina mwenyewe, yaani yule anayekishika akitafuta. Mwenye duka hana mamlaka nalo. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Ushahidi wangu wa kwanza ni majina ya mitaa yenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwakusanya Waafrika kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi kwenye mapigano ya Afrika Mashariki. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wapagazi hao na jamaa zao hawakuwa na haja ya kulitamka jina hilo kwa ulimi wa Mzungu. Walilipa irabu na silabi za Kiswahili, likawa Kariakor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Leo hapa kwetu utalikuta limeandikwa Kariakor, Kariokor na hata Kariakoo, na kila aandikaye ana hakika kwamba mwenzake amekosea. Eastleigh nayo ilipewa jina la mji wa Uingereza, lakini wanaonunua nguo na vyombo huko husema Islii. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilipobomolewa, waliohamishwa walijengewa mtaa unaoitwa hadi leo Shauri Moyo, jina linalosikika kama neno la mtu aliyeambiwa ajiamulie mwenyewe huku mlango wa nyumba yake ukiwa tayari umeng'olewa.

Lakini mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Ofafa. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, akauawa mwaka 1953 katika misukosuko ya Hali ya Hatari. Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KAU, alikuwa ameuawa mwishoni mwa 1952. Wakubwa wa jiji waliwaenzi wote wawili kwa kuita mitaa majina yao. Mbotela alipewa mtaa mmoja, nao unaitwa Mbotela mpaka leo. Ofafa alipewa zaidi ya mmoja: kukawa na Ofafa Jericho, kukawa na Ofafa Maringo. Sasa nenda kwenye kituo cha magari usikilize makanga akiita abiria. Utasikia Jericho, utasikia Maringo. Ofafa hulisikii kwa nadra tu. Limebaki kwenye hati na kwenye vibao vya shule.

Kwa nini jina la Mbotela lilidumu mdomoni na la Ofafa likafifia? Sidhani watu walimheshimu mmoja kuliko mwenzake. Sababu ni ya kiisimu. Neno Mbotela lilitosha kumfikisha mtu nyumbani. Neno Ofafa, kwa kuwa lilikuwa la mitaa kadhaa, halikumtenga yeyote. Ukimwambia mgeni "tukutane Ofafa" umempoteza. Ukimwambia "Maringo" umemfikisha. Basi watu wakalitupa neno lisilotenganisha na wakashika lile linalotenganisha. Hakuna kikao kilichoitishwa wala kamati iliyoundwa. Matumizi yenyewe yaliamua.

Wataalamu wa kompyuta nao waligundua kanuni hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alibuni njia ya kuifanya mashine ipange orodha ya makala kwa kufuata maneno yaliyomo katika vichwa vyake. Kisha mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mwanamke Mwingereza aliyefanya kazi Cambridge, akachapisha makala fupi iliyobadilisha taaluma nzima. Hoja yake ilikuwa hii: neno linalopatikana katika hati nyingi lina uzito mdogo katika utafutaji, na neno linalopatikana katika hati chache lina uzito mkubwa. Ofafa na Mbotela! Injini za utafutaji zilizofuata zilijengwa juu ya msingi huo. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, waliongeza jambo la pili, yaani kuangalia ni kurasa ngapi nyingine zinazouelekeza msomaji kwenye ukurasa fulani, kama vile fundi anavyojulikana kwa wingi wa wanaomtaja. Hata hivyo uzito wa neno haukuachwa.

Hebu tuone kanuni hiyo ikifanya kazi. Mtu akiandika "nyumba" peke yake, mashine itamletea dunia nzima: nyumba za kuuza, nyumba za kifalme, nyumba za ibada. Akiandika "nyumba ya kukodisha", uwanja unapungua. Akiandika "bedsita ya kukodisha Umoja Innercore", waliobaki ni wachache na mtafutaji amekaribia kutoa pesa mfukoni. Kwa hiyo mwenye ploti Umoja anayejaza ukurasa wake maneno "makazi bora, ya kisasa, yenye hadhi" amejitaja kwa maneno yasiyomtenga na yeyote. Kila mwenye ploti anasema hivyohivyo. Neno "bedsita" na jina la mtaa, ambayo pengine aliyaona ya kawaida mno, ndiyo yangemletea mpangaji.

Makanga walilijua jambo hili zamani. Katikati ya jiji, gari la Buruburu huitwa kwa nambari 58, la Dandora kwa 36, la Eastleigh kwa 9. Nambari hizo hazina maana ya kamusi. Zina kazi moja tu, kumtenga abiria wa Dandora na wa Buruburu katika kelele za maelfu ya watu. Makanga hapotezi pumzi kusifu viti vya gari lake. Anaita kile ambacho abiria amekuja akikitafuta.

Hapa tunafika kwenye ugomvi wa kale kati ya neno la wakubwa na neno la watu. Mwaka 1972, mwaka uleule wa makala ya Spärck Jones, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti maarufu kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza ulimwenguni dhana ya "sekta isiyo rasmi". Wakati huohuo, mafundi waliokuwa wakifua mabati pale Kamukunji, karibu na Gikomba, wakitengeneza majiko, masanduku na mikokoteni bila paa juu ya vichwa vyao, walikuwa na jina lao: jua kali. Linganisha majina hayo mawili. La kwanza linamwelezea fundi kwa kile asicho nacho, urasmi. La pili linaeleza mazingira anamofanyia kazi, na kila mwenye ngozi analielewa. Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda. Kufikia mwaka 1992, serikali ilipotoa Waraka wa Bunge Nambari 2 kuhusu biashara ndogondogo, maneno "jua kali" yaliandikwa katika kichwa cha waraka wenyewe, uliokuwa kwa Kiingereza. Neno la watu lilikuwa limepanda kutoka vumbi la Kamukunji hadi meza ya waziri.

Sasa jiulize, mtu wa Kayole anayetaka mlango wa chuma ataandika nini kwenye simu? Hataandika "suluhisho za uhunzi za sekta isiyo rasmi". Ataandika "fundi wa milango ya chuma Kayole", au "jua kali Kariobangi". Anayetaka kupatikana na mtu huyo hana budi kuandika anavyosema mtu huyo.

Mpaka hapo nimezungumza kama kwamba Kiswahili ni sawa na lugha nyingine yoyote. Si sawa, na watungaji wa kamusi zetu wanalijua hilo vyema. Kamusi ndiyo injini ya utafutaji ya zamani zaidi tuliyo nayo, na tatizo lake ni lilelile: msomaji atatafuta chini ya neno gani? Frederick Johnson, katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, alipanga nomino zilizotokana na vitenzi chini ya mizizi yake. Ukitaka "mpishi" sharti uende kwa "pika". Ukitaka "mkulima", nenda kwa "lima". Kwa mwanaisimu mpango huo ni mzuri, kwa sababu ukoo wote wa neno unakaa nyumba moja. Kwa mwanafunzi wa kawaida ni mateso. Anatakiwa kujua sarufi kabla ya kupata neno, hali alifungua kamusi kwa sababu hajui. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981, iliiweka nomino mahali ambapo msomaji angeitafuta: mpishi kwenye M, upishi kwenye U. Mtunzi alimwachia mtafutaji chombo chake.

Mashine nayo imekumbana na kikwazo hichohicho. Kwa Kiingereza, Martin Porter alichapisha mwaka 1980 kanuni za kukata miisho ya maneno ili mashine itambue kuwa maumbo kadhaa ni ya neno moja. Kiswahili huweka mengi mwanzoni: fundi na mafundi, anashona na tunashona, mshonaji na ushonaji, zilizoshonwa na zitakazoshonewa. Mashine isiyofunzwa huyaona hayo kama wageni wasiojuana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kuunda mfumo wa SALAMA unaochambua maumbo ya Kiswahili, na hapa nyumbani Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa Ulaya, wamekusanya matini za Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya kazi kama hiyo. Injini kubwa nazo zimeboreka. Tangu mwaka 2019 Google imekuwa ikitumia mfumo wa BERT unaojaribu kuelewa kifungu kizima badala ya kuhesabu neno mojamoja. Lakini mashine hujifunza kutokana na kilichoandikwa. Lugha iliyoandikwa kidogo mtandaoni huieleweka kidogo, hata kama inasemwa na mamilioni.

Kuna wanaojibu tatizo hili kwa hila. Nani hajaona matangazo ya waganga kwenye nguzo za stima kule Eastlands? Karatasi moja inaahidi kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kupata kazi, kukuza biashara, kunasa mwizi na kuondoa mikosi. Mganga ameorodhesha kila neno ambalo mtu mwenye shida angelitafuta, akitumaini kwamba moja litanasa. Wenye tovuti walifanya vivyo hivyo miaka ya 1990. Waliyarudia maneno mara mia katika ukurasa mmoja, wakayaandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili mashine iyaone na msomaji asiyaone. Walijaza orodha za maneno mahali pa siri palipotengwa kwa ajili ya injini. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiangalii orodha hizo inapopanga matokeo, na mwaka 2011, kwa mabadiliko yaliyoitwa Panda, ikaanza kuzishusha kurasa zilizojaa maneno matupu. Kila mtu aliyewahi kupita nguzo ya stima anaelewa sababu. Anayedai kutibu kila kitu huaminiwa na wachache, na hao hawarudi.

Basi mwandishi mwaminifu wa ukurasa wa Kiswahili afanye nini, hasa Eastlands, ambako maneno hubadilika kabla rangi ya ukuta haijakauka? Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1997, walihusisha chimbuko la Sheng na mitaa hii, na mwaka 2018 Chege Githiora alitoa kitabu kinachoitazama Sheng kama Kiswahili cha mtaani cha Wakenya. Nyumba ni nyumba, lakini kwa kijana wa Dandora ni keja, na kesho huenda ikawa jina lingine. Ushauri wangu ni kuandika mwili wa maelezo kwa Kiswahili sanifu, ambacho kitasomeka baada ya miaka 20 na kitaeleweka Kayole na Kigoma, kisha kuliingiza neno la mtaani mara moja mahali linapomsaidia mtafutaji: "nyumba ya chumba kimoja, au keja kama wengi wanavyosema". Vivyo hivyo kwa tofauti za nchi. Mtanzania hutafuta "nyumba ya kupanga", Mkenya "nyumba ya kukodisha". Anayeuza kwa wote wawili aandike zote mbili, tena ndani ya sentensi zenye maana. Na kama mtaa una tahajia tatu, zitajwe mapema. Kutaja Kariokor na Kariakor katika aya moja hakumpunguzii mtu usomi.

Wapo watakaoniambia, "Profesa, hayo ni ya wafanyabiashara, sisi wasomi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana, kwa sababu si kila anayetafuta anataka mlango wa chuma. Tangu mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini, simu imekuwa dirisha la kwanza ambalo mwananchi hulibisha. Mama mjamzito anayeishi Majengo, hatua chache kutoka Hospitali ya Uzazi ya Pumwani iliyoanza mwaka 1926, huenda akaamka usiku wa manane akiwa na maumivu asiyoyaelewa. Kabla ya kumwamsha jirani, atachukua simu. Je, ataandika "uja uzito"? Huenda akaandika "mimba ya miezi saba tumbo linauma". Ikiwa madaktari wetu wameandika kwa Kiingereza tu, au wameandika kwa Kiswahili cha karatasi ya mtihani kisicho na neno "tumbo" wala "kuuma", atakayempata kwanza ni yule wa nguzo ya stima.

Vivyo hivyo kwa kijana aliyepoteza kitambulisho. Serikali iliposhika neno huduma na kulipa vituo vyake kuanzia mwaka 2013, kikiwemo cha Makadara, ilitumia neno ambalo kila mtu angelitamka na kulikumbuka. Ilikuwa hatua njema. Lakini jina la Kiswahili mlangoni halitoshi ikiwa maelezo yaliyo ndani yanasomeka kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mimi nasoma vifungu hivyo viwili pamoja. Taarifa iliyochapishwa chini ya neno ambalo raia hawezi kulitafutia ni kama barua iliyotumwa kwa jina ambalo mtaani halijulikani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili walichukue jambo hili darasani. Insha ya mwanafunzi wa Jericho au Kayole yaweza kuwa maelezo ya jinsi ya kuomba cheti cha kuzaliwa, au jinsi ya kumtunza mtoto mwenye homa. Kabla ya kuandika, amwulize nyanya yake, dereva wa bodaboda na muuza mboga: "Wewe ungeuliza vipi?" Ayaandike maneno yao kama walivyoyasema. Hapo atakuwa amefanya utafiti wa kiisimu, na ameshika pia kile ambacho wenye tovuti wanakiuza kwa bei ghali. Hao vijana wa tovuti wana kazi halali na waendelee nayo. Ila mteja akiulizwa alipe pesa ngapi kwa maneno hayo, akumbuke kwamba mengine yanaitwa bure kila asubuhi na makanga wa Jogoo Road.